Niliulizwa Bangili Nimeipata Wapi

Ndugu wasomaji, mimi ni muuaji. Niiteni hivyo hivyo, msinitafutie neno la kunipamba. Sijafungwa, sijasimama mbele ya hakimu, na hapa ninapokaa sasa watoto wa jirani wananiamkia shikamoo kila asubuhi. Marahaba, nawajibu. Laiti wangejua wanamwamkia nani!

Niliyemuua ni Kondo, mchoma chokaa wa Bagamoyo, rafiki yangu na mtani wangu. Nilimuua kwa ulimi kwanza, halafu kwa gogo la mkoko. Nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mnilaani. Haki yenu.

Mimi nilikuwa fundi redio pale Dunda, Bagamoyo mjini. Azimio la Arusha lilikuwa bado jipya midomoni mwa watu, na Wazungu wa mashamba ya mkonge walikuwa wanafunga virago. Mmoja wao aliniuzia rundo la redio zake mbovu kwa bei ya kutupa. Ndani ya rundo lile nikakuta dude ambalo sijapata kuliona: mti mrefu wenye sahani mwishoni, betri nzito, na visikilizio vya kuvaa masikioni. Akaniambia hiyo ni mashine ya vitani, ya kutafutia mabomu yaliyofukiwa, na ilikwisha kufa zamani.

Kufa kwa Mzungu si kufa kwa fundi wa Dunda! Niliifungua, nikabadilisha valvu zilizoungua, nikaunga waya, nikaipitisha juu ya sufuria ya mke wangu. Ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mke wangu akatupa mwiko akakimbilia uani.

Basi nikageuka mtu wa pwani. Mwanzoni nilikuwa mjinga, nilihangaika huko juu kwenye mchanga mkavu, watu wanapokaa kupunga upepo. Nilivuna nini? Visoda na misumari! Ilinichukua muda kuelewa kwamba bahari nayo ina akili yake. Kitu kizito haikiachi juu, inakishusha mpaka kikutane na kizito mwenzake. Kusi likishavuma kwa hasira na kuukwangua ufuo, teremka chini maji yanapokomea, utafute mstari wa vijiwe, vipande vya kombe na vyuma vyenye kutu. Ukiziona chubwi, zile risasi za kuzamishia nyavu, zimelala pale, usibanduke. Na dhahabu italala papo hapo.

Halafu utafute mahali watu wanapovua vitu vyao au wanapovipoteza. Mbele ya forodha ya zamani, abiria walikobebwa mabegani kutoka mashuani, niliokota pesa za masultani na rupia za Mdachi. Watu wanapokwenda kuoga mwaka, kuukaribisha ule mpya, niliokota pete za fedha, maana maji ya alfajiri ni baridi, vidole husinyaa, na pete hutoka bila kuaga.

Siri hizo sikumwambia mtu. Na aliyenifuata alinikoma! Mimi tangu ujana wangu nina mkono mwepesi, ngumi kwangu inatangulia salamu. Mvuvi mmoja alianza kunyemelea nyayo zangu, nami namwona, nanyamaza. Siku aliyoinama kuchimba kwenye mstari wangu nilimpiga sepetu ya uso. Alitema meno kwenye povu, nikamwambia akiyataka ayatafute mwenyewe. Niliondoka nikicheka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa, sitajisafisha leo.

Sasa kulikuwa na mahali pamoja nilipopatamani kuliko pote. Upande wa kuelekea Kaole, nyuma ya mikoko, palikuwa na kijighuba wanakooga wanawake wa mji. Mwanamume hapiti hapo. Hata watoto wa kiume wakishaota ndevu hawapiti. Na hapo ndipo mjane anapopelekwa alfajiri akimaliza eda. Kungwi wake anamvua nguo za ukizuka, anamwosha baharini, kisha anamvisha upya mapambo aliyoyavua siku mumewe alipokufa. Fikirieni dhahabu inayovuliwa na kuvaliwa hapo, mwaka nenda mwaka rudi! Nilikuwa nikifikiri usingizi unapaa.

Nikapata habari kwamba Bi. Amina, mjane wa tajiri mmoja wa minazi, anatoka eda. Kungwi wake atakuwa Bi. Tatu, mama yake Kondo. Mji mzima ulimwamini Bi. Tatu kwa kazi hiyo, kwa mkono wake na kwa mdomo wake, maana hakuwa mtu wa kusimulia ya ndani.

Jamani, naona aibu hata kuyaandika haya. Nilikwenda kabla ya adhana, nikajichimbia kwenye mikoko na mashine yangu kama chui. Nilijidanganya kwamba nitafumba macho. Sikufumba. Nilimwona mjane wa watu, mtu mwenye msiba, akivuliwa na kuoshwa, akilia. Nilitazama yote. Nilichokuwa nikikitazama zaidi ni sinia la mapambo lililowekwa kwenye jiwe la tumbawe.

Wimbi likaja likalipindua sinia. Wanawake wakapiga kelele, wakainama wote wakipapasa majini. Wakaokota, wakaokota, mpaka wakaridhika. Bi. Tatu ndiye aliyebaki wa mwisho akipapasa, mwenzake akamwita, "Shoga, twende, kunakucha!" Wakaondoka.

Nikatoka mikokoni. Sikuhangaika sana, nilifuata mrudio wa maji mpaka kwenye vijiwe, nikapitisha sahani. Ikalia! Nikachimba kwa mikono. Ilikuwa bangili ya dhahabu, pana, imechongwa maua ya kilua. Niliibusu. Niliibusu kwa mdomo huu huu.

Nyumbani kwa Bi. Amina wakahesabu, wakaona imepungua. Bi. Tatu akasema imechukuliwa na bahari. Kina mama waliokuwepo wakamwamini, lakini wakwe wakaanza kununa pembeni na kumtupia jicho. Nilizisikia hizo habari barazani. Nikazimeza pamoja na kahawa.

Mwenye akili angekaa nayo, au angekwenda kuiuza Dar. Mimi tamaa ilinipofua, kesho yake tu nikaipeleka kwa sonara papo hapo mjini! Sonara akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akanitazama kwa chini.

"Hii nimeifua mimi," akasema. "Ya harusi ya Bi. Amina."

Kabla sijainua mguu, kijana wake alikwisha vuka barabara kumwita Salumu, kaka yake Bi. Amina. Salumu alikuwa na bucha. Alikuja vile vile, shuka la kazi limejaa damu na kisu mkononi. Alinikamata ukosi, akanibamiza uso kwenye meza ya sonara mpaka pua ikapasuka, akanilaza hapo na kunigusisha kisu chini ya sikio. Nilinusa mafuta ya ng'ombe.

"Umeipata wapi?"

Ndugu yangu, jibu lilikuwa neno moja. Pwani. Lingemsafisha Bi. Tatu, na bangili ingerudi kwao. Lakini wangeniuliza pwani gani, na lini. Kijighuba kile, asubuhi ile! Salumu angejua kwamba nilikuwa mikokoni namtazama dada yake. Kwa hilo asingeniuliza la pili, angenichinja kama beberu pale pale, na mji ungesema amefanya vyema.

"Nimeuziwa," nikasema.

"Na nani?"

Ulimi wangu ulikwenda wenyewe kwa mtu aliyekuwa karibu na tuhuma. "Kondo. Mtoto wa Bi. Tatu."

"Apa!"

"Wallahi, nimeuziwa na Kondo."

Astaghfirullah! Nilitaja jina la Mungu na damu inanichuruzika puani, na sikutetemeka.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Babu yangu alishuka na misafara ya wapagazi kutoka Unyamwezini, akaoa Bagamoyo, hakurudi. Kondo ni Mzaramo. Kwa hiyo sisi ni watani, na mtani hana adabu kwa mtani wake. Kondo akinikuta sokoni alinidaka shati na kupiga yowe, "Jamani, mwizi! Babu yake aliiba pembe za ndovu za watu!" Nami namjibu, "Ndiyo, niliiba mimi na babu yangu, na leo nimekuja kumwiba dada yako!" Watu wanaangua kicheko. Katika utani ukikana umeshindwa. Unakubali, kisha unaongeza.

Tulipotoka kwa sonara, Salumu alikuwa bado amenishika ukosi. Tulipopita kahawani tukawa kundi, na tulipofika ufuoni tukawa umati. Mzee mmoja, mjumbe wa nyumba kumi, alijaribu kutuzuia, "Jamani, polisi wapo, twendeni polisi!" Alisukumwa, akakaa chini mavumbini, kofia yake ikakanyagwa.

Kondo alikuwa kwenye tanuri lake, kifua wazi, mweupe kwa vumbi la chokaa, anapanga magogo ya mikoko na mawe ya tumbawe. Salumu akanisukuma mbele. "Mwonyeshe!"

Nikanyoosha kidole. "Mwizi huyu hapa! Ndiye aliyeniuzia bangili ya Bi. Amina!"

Kondo akainuka. Akanitazama, akautazama umati nyuma yangu, akatoa meno yote nje. Alidhani nimemletea utani mkubwa kuliko wote niliopata kuufanya, nimeuleta mji mzima!

"Aah, Mnyamwezi, umechelewa!" akapayuka. "Nimeiba mimi! Bangili nimeiba, hereni nimeiba, na kesho nakuja kumwiba mkeo! Nipelekeni jela nikale wali wa serikali!"

Alicheka peke yake.

"Mmesikia?" Salumu akanguruma. "Mmesikia? Kasema kwa kinywa chake!"

Akamzaba kofi. Kondo akayumba, bado anacheka kidogo, mkono shavuni. Salumu akamtia ngumi ya tumbo. Ndipo uso wa Kondo ulipobadilika. Hakumtazama Salumu. Alinitazama mimi.

"Wee Mnyamwezi," akasema, "hebu waambie. Mtani, waambie!"

Umati ukanigeukia. Walikuwamo watu wazima waliokulia utani, waliotucheka sokoni miaka yote. Wengine nyuso zao zilikwisha kuanza kusita, nawaapia niliona. Walikuwa wananingojea mimi. Ningesema, "Huyu ni mtani wangu, anatania," Kondo angekuwa hai leo anachoma chokaa.

Lakini nikisema hivyo, swali linarudi kwangu. Umeipata wapi?

Nikainama, nikaokota gogo la mkoko kwenye rundo alilolipanga mwenyewe. Mnaujua mkoko, ni mzito kama chuma. Nikampiga nalo mdomoni. Nilichagua mdomo, sikukosea shabaha. Nilitaka asiseme tena.

Alianguka chali kwenye chokaa. Akajaribu kuinuka kwa viwiko, taya limepinda, akitoa sauti isiyo na maneno. Nikampiga tena, kichwani. Baada ya hapo sikuhitajika. Watu wakikwisha kuona damu ya kwanza, aa, hawana haja ya sababu! Walimshukia kwa mateke, kwa mawe ya tanuri, kwa fimbo. Mtu niliyekuwa nikimrekebishia redio alikuwa akimrukia mbavuni kwa miguu yote miwili huku akihema. Vumbi la chokaa lilipanda likatupofusha, tukawa tunapiga tu. Nilisikia mifupa. Mpaka leo nikisikia mtu anavunja kuni, natoka nje ya nyumba.

Vumbi liliposhuka, watu walianza kurudi nyuma mmoja mmoja, kila mtu akitazama mikono yake. Bi. Tatu akafika mbio, kichwa wazi. Hakupiga yowe. Alijivua kanga ya juu akamfunika mwanawe, akakaa chini, akakipakata kile kichwa. Alikuwa akimpangusa chokaa machoni kwa ncha ya kanga, taratibu, kama anavyowapangusa wajane maji ya chumvi. Kondo alikata roho kabla ya alasiri.

Polisi walikuja. Nani alianza? Mji mzima ulikuwepo na hakuna aliyeona. Ni wananchi wenye hasira, wakaandika, wakaondoka. Bangili ikarudi kwa Bi. Amina. Nilisikia hakuivaa tena.

Mazishini nilikwenda. Ningekosaje? Mtani ndiye wa kuchangamsha msiba, ndiye wa kuzuia jeneza njiani adai faini, ndiye wa kumtukana marehemu watu wacheke kidogo. Mtu mmoja akanigusa bega, "Mtani, leo huna neno?" Nikainamisha kichwa. Wakasema maskini, msiba umemwelemea, ijapokuwa yule alimuuzia mali ya wizi. Wakanihurumia!

Mke wangu hakunihurumia. Usiku ule wa mazishi aliniuliza jambo moja tu. "Hiyo bangili uliinunua kwa fedha gani? Sisi hata mafuta ya taa tumekopa." Nilimpiga. Nilimpiga mpaka jirani akagonga ukuta. Alfajiri alikuwa amekwisha ondoka kwenda kwao Fukayosi na jicho limefumba. Hakumwambia mtu, lakini hakurudi, na niliowatuma kumbembeleza walirudi na maneno mafupi. Alisema yeye si mke wa mtu anayeziba midomo.

Mngedhani hayo yametosha. Hayakutosha. Hitma ilipokwisha, Bi. Tatu alikuja nyumbani kwangu.

Nilimwona kwenye mlango. Nikasema kimoyomoyo, amejua, na nikatamani awe amejua.

"Hodi mwanangu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba." Hakutaka kiti. Alikaa kwenye mkeka, akaikunja miguu. Alikuwa amekonda. Tangu siku ile hakuna aliyemwita kumwogesha mjane, nani atamkabidhi sinia la dhahabu mama wa mwizi?

"Mimi mwanangu simjui kwa wizi," akasema. "Nimemzaa, nimemlea, simjui kwa hilo. Lakini wewe umeapa kwa Mungu, na huwezi kuapa uwongo juu ya rafiki yako. Na yeye mwenyewe wanasema alikiri, watu wote walisikia. Basi nimekubali. Shetani humpitia mtu."

Akajifunika kanga vizuri, akaendelea.

"Nimekuja kumwombea radhi. Alikuuzia haramu, akakutia aibu mbele za watu, ukapigwa kwa ajili yake. Nimekwisha kwenda kwa Bi. Amina, amemsamehe. Nimekwenda kwa Salumu, naye kasamehe. Umebaki wewe. Msamehe mwanangu, alale."

Lahaula! Nilikuwa na nafasi ya pili, imeletwa mpaka mkekani kwangu na mwanamke asiye na silaha. Hapakuwa na kisu shingoni. Hapakuwa na umati. Kulikuwa na mimi na yeye na kuku uani.

"Nimemsamehe, mama," nikasema.

Akashusha pumzi. Machozi yakamtoka ya shukrani, akanishika mkono huu wa kulia akauweka kwenye paji la uso wake. "Ahsante, mwanangu. Ahsante. Basi tumsomee fatiha."

Tukainua viganja, tukamsomea. Yeye kwa sauti, mimi kwa midomo.

Nilihama Bagamoyo wiki ile ile na sijarudi. Mashine niliiacha ndani, aliyeichukua simjui. Nilikohamia sikutaji, na jina langu namwomba mhariri alifiche, maana woga ule ule wa kwa sonara ningali nao. Mwoga hafi mara moja, ndugu zangu, na mimi ni mwoga.

Nasikia siku hizi vijana wanashuka pwani tena, toka Mapinga mpaka huko juu, wakitafuta mali za kale mchangani. Siwakatazi. Nimewatajia hata mstari wa kufuata, chimbeni. Lakini msichimbe mahali msipoweza kupataja mbele ya watu. Kama ni mahali pa kuona haya, geuka urudi na mikono mitupu, uitwe mvivu, uitwe maskini, ule muhogo mkavu! Na ukiwa tayari umekwisha kosea na ukaulizwa, useme, hata kama kisu kiko shingoni. Bora uchinjwe wewe uliyekosa.

Neno langu la mwisho ni kwenu mnaokaa Dunda. Bi. Tatu bado yu hai, na hasomi hizi herufi za gazeti, anasoma za Msahafu tu. Mmoja wenu ampelekee gazeti hili amsomee. Amsomee polepole, asiruke kitu kwa kumwonea huruma, hata pale mikokoni. Jina langu halimo, lakini yeye atanijua. Ule msamaha aliouomba kwangu haukuwa wangu kuutoa, ni mimi niliyepaswa kupiga magoti kwenye ule mkeka. Mwambieni mwanawe alikuwa anatania. Mwambieni Kondo hakuiba kitu.